Barua ya wazi kwa Mhandisi: kabla hamjamwaga zege la pembeni, njoo uone rimu zangu

Kwa Mhandisi unayesimamia upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi,
Mbeya.

YAH: NJIA YA BAISKELI NA YA WAENDA KWA MIGUU, NZOVWE HADI MBALIZI

Ndugu Mhandisi,

Salamu kutoka Nzovwe. Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko upande wa kushoto ukielekea Iyunga, na zamani kilikuwa karibu zaidi na lami. Kilipopigwa alama ya X nilikibomoa mwenyewe nikarudi nyuma, maana kweli nilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Sikuandikii kudai fidia. Nakuandikia kuhusu rimu.

Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii, rimu zimenifundisha kusoma. Ikiletwa ya nyuma imepinda, sihitaji kuuliza: mzigo ulizidi. Viazi kutoka Umalila, mkaa, tofali, wakati mwingine mke na watoto wawili. Nakaza spoki, nainyoosha, namwambia mwenyewe apunguze, hapunguzi, tunaonana tena baada ya mwezi. Ya mbele ni habari nyingine. Ikija imekunjika kama sahani, na mwenyewe kachubuka kiganja na goti, huyo ameshuka nje ya lami.

Nikueleze inavyokuwa, maana mwenye gari haioni. Mtu anatoka Iwambi asubuhi, yuko pembeni kabisa mwa lami. Nyuma yake linakuja lori la kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, mbele linakuja lingine la kwenda. Yatapishana hapo hapo alipo yeye. La nyuma linapiga honi, na hiyo honi haiombi njia, inatoa taarifa. Anashuka. Ukingo wa lami umeliwa kama chapati iliyomegwa, na chini yake kuna shimo la shibiri nzima, changarawe na vumbi, au tope kama ni masika. Kushuka kwenyewe mara nyingi anafanikiwa. Balaa liko kwenye kurudi. Lori likishapita anataka kupanda tena, anapinda usukani kidogo, gurudumu la mbele linausugua ule ukingo kwa ubavu, linagoma kupanda, na baiskeli inamtupa. Inamtupa upande gani? Upande wa barabarani, Mhandisi. Yaani anaangukia kwenye njia ya lori la pili.

Wengi wananijia wakichechemea na rimu mkononi, tunacheka, tunaendelea. Mmoja hakuja yeye. Rimu aliileta mdogo wake wiki mbili baada ya mazishi, akaniomba niinyooshe kwa sababu baiskeli ilibidi iendelee kufanya kazi ile ile, ya kupeleka maziwa. Niliinyoosha. Sikuchukua hela.

Najua barabara hii ilivyozaliwa, na najua kwa nini haikutufikiria. Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ikakosa njia ya mizigo kusini, mafuta na shaba vikaanza kupita huku kwetu, na hii ndiyo ikawa njia yake hata kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi mwaka 1976. Ilijengwa kwa ajili ya gari linalotoka Dar es Salaam na kwenda kulala mbali. Mji ndio uliokuja kujipanga pembeni: Mama John, Soweto, Mafiati, sisi hapa Nzovwe, viwanda vya Iyunga, wanafunzi wa chuo kikuu, soko la Mbalizi. Leo lori la Lubumbashi na mama wa maandazi wanatumia barabara moja, na kati ya hao wawili aliyepimiwa nafasi yake ni mmoja tu.

Kwa hiyo njia nne tumezipokea kwa mikono miwili. Kilomita 29 si haba, na anayekaa kwenye foleni ya Mafiati saa kumi na moja jioni hawezi kuzipinga. Ninachoomba ni hicho kinachobaki pembeni baada ya njia nne kukamilika. Kwenye michoro mingi pembeni ni mahali pa kuweka kilichobaki, na mkandarasi akibanwa na muda, pembeni ndiko anakopunguzia.

Ombi langu kubwa: njia ya baiskeli inyanyuliwe, itengwe na lami kwa ukingo wa zege. Mstari mweupe hautoshi. Mstari mweupe Tanzania hii ni maegesho. Nimefika Dar es Salaam, nimetembea kandokando ya Barabara ya Morogoro ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na pale kuna njia za pembeni ambazo sisi wa Mbeya tungezishangilia. Lakini nilikotembea mimi nilikuta bodaboda wamepaki juu yake, na mbele kidogo meza ya matunda. Siwalaumu. Bodaboda anakaa abiria anaposhukia, na muuza matunda hivyo hivyo. Kama mchoro haukuwapa sehemu yao jirani na kituo cha daladala, watachukua ya kwetu, na mgambo akija watahama kwa nusu saa.

Mkiweka nguzo fupi kuzuia magari yasipande, tafadhali msizibananishe. Nimepima kwa futi yangu mwenyewe: usukani wa baiskeli ya kawaida ni sentimita 60 hivi, lakini ikishafungwa magunia mawili ya mkaa kwenye keria inafika mita moja na kuzidi. Guta, lile la magurudumu matatu, ni pana zaidi. Njia ya mita moja na nusu inapendeza kwenye karatasi, ila wawili wenye mizigo hawapishani humo, na mmoja atashuka tena kwenye lami, tukarudi kule kule kwa rimu ya mbele. Mita mbili na nusu, Mhandisi. Nafasi ya hifadhi ipo, tulihama sisi ili ipatikane.

Halafu kuna jambo dogo ambalo watu hawalitaji na mimi linaniuma kuliko mengine. Njia ya pembeni huwa inakatika kila inapokutana na barabara ya mtaa. Inashuka ghafla, unavuka vumbi, inapanda tena kwa kona kali ya zege. Kwa Nzovwe mitaa iko karibu karibu, kwa hiyo mwendesha baiskeli atakuwa anashuka na kupanda kama anayeruka kamba. Atachoka mara ya tatu, ataenda zake barabarani. Fanyeni kinyume: njia yetu iende moja kwa moja kwa usawa wake, na gari linalotoka mtaani ndilo lipande kidogo kuivuka. Litapunguza mwendo bila kuwekewa tuta. Injini inayo, ipande.

Sasa kuvuka.

Jirani yangu, mama wa maandazi niliyemtaja, anaishi upande mmoja na wateja wake wako upande wa pili. Huvuka na ndoo kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika birika la chai. Hawezi kukimbia. Njia nne za mita tatu na nusu kila moja ni mita 14 za lami, hapo bado sijahesabu nafasi ya katikati. Kwa mwendo wake wa mita moja kwa sekunde, yuko juu ya lami sekunde 14. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo sheria kwenye makazi, kwa muda huo linatembea karibu mita 195. Likiwa kwenye 80, zaidi ya mita 300. Yaani ili avuke salama, mama yule akiwa na ndoo kichwani anatakiwa akisie umbali wa viwanja vitatu vya mpira, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mmpe kisiwa katikati, palipoinuka, penye nafasi ya kusimama mtu na baiskeli yake, na hesabu inakuwa sekunde saba, kisha anapumzika, kisha sekunde saba nyingine akiangalia upande mmoja tu.

Msimjengee daraja la juu mkadhani mmemaliza. Daraja la juu linafaa mahali pake, lakini mwenye ndoo, mwenye mgongo mbovu, mwenye baiskeli ya viazi, hao hawapandi ngazi. Watapita chini yake, na dereva kwa kuwa ameliona daraja juu ataamini hakuna mtu chini. Kivuko kiwe usawa wa ardhi, kiinuliwe kama tuta pana, kiwe na taa. Na kiwekwe pale watu wanapovuka sasa hivi. Hapo hamhitaji mtaalamu kutoka mbali. Angalieni majani pembeni, yalipolalia chini na udongo ukang'aa, hapo ndipo. Mkiweka mita 200 mbele kwa sababu ya kona ya mchoro, watu wataendelea kupita pao pa zamani na gazeti litaandika wamevuka kizembe.

Iwambi nitaitaja peke yake kwa sababu mteremko ule unazo sheria zake. Kupanda kutoka Mbalizi hakuna anayepiga pedeli akiwa na mzigo. Anashuka anasukuma, yeye ubavuni na baiskeli ubavuni, na wawili hao ni wapana kuliko mtu aliyepanda. Kushuka ni kasi. Baiskeli nyingi hapa bado zina breki za vyuma vya kuvuta juu, mipira yake inabana rimu, na rimu ya kung'aa ikilowa mvua mipira haishiki kabisa mpaka ijifute kwanza mizunguko kadhaa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili namweleza kila mteja: bana breki mapema, kabla hujaihitaji. Lakini malori nayo yanashuka humo humo, na nayo yana hadithi zake za breki, ambazo wewe unazijua kuliko mimi. Wa baiskeli na wa malori wasiwekwe pamoja. Kama fedha inatosha sehemu moja tu ya ukingo wa zege wa maana, wenye chuma, anzeni hapo.

Taa. Nitasema kidogo. Mbeya iko magharibi na saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi wa sita jua linachomoza huku karibu saa moja kamili asubuhi. Watoto wa shule wanakuwa barabarani saa kumi na mbili unusu, gizani, kwenye ukungu, na masweta yao ya rangi nzito. Taa zikiwashwa kwa ratiba iliyopangwa mahali jua linakowahi, zitazimwa wakati watoto ndio wanatoka majumbani.

Mitaro iwe na mifuniko, na kama mnahofia itaibwa, basi iwe ya zege, isiyo na chuma cha kung'olewa kikauzwa chakavu. Hapo sina zaidi.

Binti yangu, aliyesoma kuliko mimi, alinisomea kwenye simu ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023: watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Nilimuuliza kama wametaja rimu za mbele. Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli, kwa sababu hawa wangu wanaoanguka na kuchubuka, wanaokuja kwangu badala ya kwenda polisi, sidhani kama kuna daftari linalowaandika. Nimeanza kuwaandika mwenyewe, kwenye daftari la madeni, kurasa za nyuma: siku, mahali alipoangukia, upande gani. Ukilitaka ni lako, wewe au mshauri wako wa michoro. Mwandiko si mzuri, na kurasa mbili zina grisi.

Ombi la mwisho. Ninyi hukagua barabara mkiwa kwenye gari la kazi, na ni lazima, kilomita 29 hazitembeleki. Lakini chagua siku moja ya Juni au Julai, uje Nzovwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ninayo baiskeli ya kukuazima, keria yake nimeikaza na breki nimezibadilisha mipira. Tutakwenda mpaka juu ya Iwambi, taratibu, mimi nikiwa nyuma yako. Lori likipiga honi, usishuke nje ya lami mpaka nikwambie.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli,
Nzovwe, Mbeya.