Shoga, kabla hujatuma hilo andiko

Shoga angu,

Mambo, watoto hawajambo? Andiko lako la kuombea hela ya utafiti nimelisoma jana usiku, umeme ukakatika nikamalizia kwenye simu. Hilo wazo la kuwauliza wachimbaji wadogo wa Geita kwa nini wanaacha dawa za TB kabla miezi 6 haijaisha nimelipenda mno, shida iko kwenye methodolojia.

Umeandika utahoji watu 20, basi, ukapita. Mimi niliandika hivyohivyo mwaka juzi, jamaa mmoja wa jopo linalopitia maandiko akarudisha kwamba sampuli ni ndogo nipige hesabu nifike 384, si unaijua ile 384 ya kila mtu, inayotoka kwenye fomula ya kukadiria asilimia ya watu, sasa uhoji watu 384 lisaa lisaa si utazeekea huko machimboni! Ila na mimi nilikosea, sikumwelezea. We sema wazi kwamba hutafuti wangapi wanaacha, hiyo ipo kwenye rejista za vituo vya afya, unatafuta kwa nini, na utahoji mpaka majibu yaanze kujirudia. Taja ule utafiti wa Guest na wenzake, 2006, walihoji wanawake 60 Ghana na Nigeria, wakakuta mada nyingi zimeshatoka kwenye mahojiano 12 ya mwanzo. Lakini wale walikuwa kundi la watu wanaofanana, wewe una wachimbaji, wake zao na manesi humohumo kwenye 20, kwa hiyo gawanya ueleze kila kundi wangapi, la sivyo watakubana hapohapo.

Halafu bajeti jamani. Rekoda ipo, nauli ipo, soda za washiriki zipo, hela ya kuandika sauti kwenye karatasi haipo! Lisaa limoja la mahojiano linakula masaa matano sita, hapo mtu kaongea Kiswahili kilichonyooka, akichanganya Kisukuma ndo usiseme, na kutafsiri bado. Mimi nilipokuja kupata hela nilikuwa nimesahau hilo, nikaishia kukopa kwenye kikoba.

Kibali cha maadili cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, anza nacho mapema. Na ile fomu ya ridhaa, "mshiriki hatonufaika moja kwa moja" mchimbaji ataelewa nini? Mwambie tu hatulipi ila tutakusikiliza. Andika pia utafanyaje mtu akiwa anakohoa damu mbele yako, atapelekwa kituo gani na nauli nani anatoa, maana watakuuliza.

Rekebisha unitumie Ijumaa, ila bajeti tuma eksel yenyewe sio picha, macho yananiuma mpaka sasa.

Wako, shoga ako wa Mwanza