Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyepanda kigari chetu akapigwa picha

Mheshimiwa,

Kwa umri, wewe ndiye ungeniamkia mimi. Kwa cheo, nakuamkia mimi: shikamoo. Jina lako sitaliandika na ofisi yako sitaitaja, maana sitaki kesi juu ya hasara. Mwenyewe unajijua. Ni wewe uliyekaa kwenye kigari chetu chekundu cha tanga, kile kinachokwenda kwa upepo, mwaka jana mwezi wa nane, kule uwandani nje ya Arusha ukishapita Kisongo, ukafungwa mkanda, ukavishwa helmeti, na tai yako ikawa inakuchapa usoni kwa upepo. Picha tunayo. Umetabasamu vizuri sana.

Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani nimechoka. Barua nne nimezileta kwa mkono wangu, zote zimepigwa mhuri wa kupokelewa, na nakala zake ziko kwenye bahasha ya kaki ambayo sasa imechanika pembeni kwa kutolewa na kurudishwa. Hakuna iliyojibiwa. Jumamosi iliyopita jibu likaja lenyewe, limepanda kenta.

Ilikuwa saa nane mchana. Upepo ulikuwa umekaa vizuri, ule wa kiangazi unaoinua vumbi kutoka upande wa Monduli na kulizungusha kama mtu anayepepeta mchele. Tulikuwa na vigari vinne uwanjani. Wakashuka mgambo sita na kijana mmoja mwenye faili. Kijana akataka kibali. Nikamwambia kibali kiko ofisini kwenu, kinasubiri sahihi tangu mwaka jana. Akataka kadi ya gari. Nikamwambia hakina injini. Akauliza mafuta yanawekwa wapi. Nikamwonyesha juu, kwenye tanga. Wenzake wakacheka, yeye akaandika kitu kwenye faili. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Kisha wakaanza kupakia. Niliomba, tena kwa adabu, wanipe dakika kumi nishushe matanga na kuchomoa milingoti, maana kila mlingoti ni vipande viwili vinavyoachana bila hata spana. Wakasema hawana muda. Mlingoti mmoja ukavunjwa kwa goti la mtu. Tanga la manjano likanasa kwenye bolti ya kenta, likachanika kutoka joshi, upande unaotazama upepo, hadi chini. Nimewahi kusikia kitambaa kikichanika maisha yangu yote, lakini sauti ile bado naisikia usiku.

Sasa nikukumbushe ulichosema, kwa kuwa huenda umesahau kwa wingi wa shughuli. Ulisimama mbele ya watu, bado umevaa helmeti, ukasema uwanda ule utakuwa wetu kila Jumamosi na Jumapili, na barua itatoka ndani ya wiki mbili. Wazee wa boma la jirani walikuwepo, na tulikuwa tumeshakubaliana nao kwamba ng'ombe wakipita sisi tunashusha matanga. Wao walitimiza. Ng'ombe wao pia walitimiza. Wiki mbili zilipoisha nikaambiwa tuanze na katiba ya klabu. Tukaandika katiba. Nikaambiwa muhtasari wa kikao haujagongwa mhuri wa mtaa. Ukagongwa. Nikaambiwa mtendaji aandike. Akaandika. Nikaambiwa tusubiri AFCON ya 2027 ipite, kwa sababu akili zote ziko huko. Mheshimiwa, sisi hatuombi nyasi, hatuombi taa, hatuombi jukwaa. Tunaomba ardhi tupu isiyoota hata mgunga, na upepo ambao hakuna anayeulipia. AFCON inatuzuiaje?

Nasikia pia kwamba kwenye kikao fulani uliita mchezo wetu uhuni wa mafundi wa mtaani. Hapo ndipo damu ilipochemka, na naomba radhi kama maneno yafuatayo yatakuwa marefu.

Zaidi ya miaka 400 iliyopita, Simon Stevin, mwanahisabati aliyemtumikia Mwanamfalme Maurits wa Uholanzi, alitengeneza gari la matanga likakimbia kwenye mchanga wa ufukwe wa Scheveningen likiwa limebeba wakubwa wa nchi. Huyo hakuwa mhuni. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lipo tangu 1962. Vigari vidogo vya aina yetu, vinavyokunjwa vikaingia kwenye mfuko, alivibuni Paul Beckett wa New Zealand mwaka 1999. Na ukitaka kujua New Zealand inatuhusu nini, muulize mzee yeyote wa Karatu: Filbert Bayi alitoka huko kwao akaenda Christchurch mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, mbele ya John Walker, mwenyeji wao. Wale watu wanatujua kwa mbio. Sisi tuliazima kwao kigari tu.

Siku ile uliuliza chombo kinawezaje kwenda kasi kuliko upepo unaokisukuma. Hukusubiri jibu, simu yako ililia. Jibu ni kwamba upepo hausukumi. Tanga likikaa upande, upepo unapita juu ya mbonyeo wake kama unavyopita juu ya bawa la ndege, unalivuta. Magurudumu matatu kwenye ardhi ngumu hayana maji ya kuyazuia kama jahazi. Na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyojitengenezea upepo mwingine wa mbele, ule ule unaoupata mgongoni mwa bodaboda hata siku ambayo jani halitikisiki. Tanga linakula upepo wote huo pamoja. Ndiyo maana Glenn Ashby, Desemba 2022, kwenye ziwa kavu la Gairdner huko Australia, alifika kilomita 222.4 kwa saa, na upepo wenyewe haukufika hata robo ya kasi hiyo. Kabla yake, rekodi ilikuwa kilomita 202.9, ya Mwingereza Richard Jenkins, mwaka 2009. Sisi wa Kisongo hatujapata hata theluthi ya hapo, usiogope.

Breki? Ndiyo, hakina breki. Kijana wako wa faili alipoambiwa hilo alifurahi, nilimwona. Ukiachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, tanga linapepea kama kanga kwenye kamba na chombo kinapoteza nguvu; ukielekeza pua kwenye upepo kinasimama kabisa. Mtoto wa miaka kumi anajifunza kwa nusu saa. (Hayo maneno, demani, joshi, kupiga bisho, tulifundishwa na mzee mmoja wa Pangani aliyehamia Majengo kwa mwanawe. Alitucheka wiki nzima kwa kuita kila kitu "kamba". Nadhani alifurahi kupata watu wa kuwanung'unikia matanga huku bara.)

Sasa nije kwangu, ingawa si kawaida yangu kulia mbele za watu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Unga Limited. Kigari cha kwanza, kile chekundu, aliniachia mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake hapa mjini akarudi kwao. Vitatu nimeviunda mimi kwa kukiangalia hicho. Mabomba nilinunua kidogo kidogo, magurudumu ni ya toroli kutoka soko la Kilombero, nikabadilisha beringi mara tatu mpaka zikakubali. Matanga tulishona kwa nailoni ya mahema chakavu ya safari. Mkopo wa kikoba nilichukua nikisema ni wa kununua grenda mpya. Mke wangu alijua ukweli mwezi wa nne, na tangu hapo chakula nakipata lakini salamu sizipati. Kila Jumamosi nafunga karakana, siku ambayo wateja wa mageti ndio wengi. Wiki hii nimefunga pia Jumatatu, Jumanne na leo, kwa ajili ya kukaa kwenye benchi lako la mapokezi. Benchi lenyewe limelegea mguu wa nyuma. Ningelichomelea bure.

Kwa nini mmefanya hivi? Nimewaza sana, na mtu asiyejibiwa hujijibu. Labda uwanda umeshapimwa viwanja na sisi hatujaambiwa. Wiki mbili zilizopita niliona vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani vikiwa vimepigwa kwa mstari, na aliyevipiga hakusalimia. Wengine wanasema panataka kuwa maegesho ya malori. Wengine wanasema ni mambo ya ndege, kwa kuwa uwanja wa ndege hauko mbali. Kama ni ndege, Mheshimiwa, chombo chenye magurudumu matatu na tanga la mita nne za mraba hakiruki. Na kuna mmoja, simsemi, ananiambia kosa letu ni kukualika siku ile bila bahasha ya nauli. Sitaki kuliamini hilo. Nalisema tu ili ujue watu wanasema.

Nilikuwa nimepanga barua hii iwe na madai matano. Kibali kwa maandishi. Vigari vinne. Mlingoti na tanga vilipwe. Tuombwe radhi. La tano nilikuwa nalo, limepotea njiani. Nimeyapitia usiku huu nikayaona yote yanaweza kungoja, isipokuwa jambo moja ambalo wewe hulijui, na ambalo huenda hata kijana wako wa faili hakulijua.

Kwenye klabu tunaye kijana aliyepoteza nguvu za miguu kwa ajali ya bodaboda. Anatembea kwa magongo. Vigari hivi vinaongozwa kwa mikono peke yake: mkono mmoja usukani, mmoja demani, miguu imelala tu haina kazi. Wenye vigari hivi duniani wanaringia jambo hilo, kwamba asiye na miguu anashindana na mwenye miguu bila kuwekewa mbio zake pembeni. Kwetu haringii mtu, anatushinda tu. Mabega yake yamekomaa kwa magongo, anavuta demani kama anavuta ndoo kisimani, na kila Jumamosi naona mgongo wake ukiondoka mbele yangu. Akishakaa, tunafunga magongo nyuma ya kiti kwa mpira wa tyubu, ili akishuka popote ayapate.

Jumamosi mlimshusha. Kwa haki, mgambo mmoja alimbeba kwa upole akamkalisha kwenye kivuli cha kenta. Kisha kenta ikaondoka na kivuli, na kigari, na magongo yakiwa yamefungwa pale pale nyuma ya kiti. Tulipiga kelele, tukakimbia nyuma ya lile vumbi mpaka barabarani. Kijana alirudi nyumbani akiwa amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva wa bodaboda, chombo kile kile kilichomvunja. Hakusema neno njia nzima, nilikuwa nyuma yao.

Jumatatu nilikuja. Mlinzi wa geti aliniruhusu nichungulie. Niliyaona, yamelala juu ya matairi mabovu. Nikayaomba. Nikaambiwa ni kielelezo. Nikauliza kielelezo cha nini, nikaambiwa nisubiri bosi. Nikaonyeshwa orodha ya vilivyokamatwa, na kwa macho yangu nikasoma namba 9: "mabomba mawili ya alumini".

Mheshimiwa, hayo mabomba mawili ni miguu ya mtu. Dada yake aliyanunua kwa kuuza vitumbua. Tangu Jumamosi hajatoka ndani, anajiburuta kwa makalio kwenda chooni, na choo kiko uani, na uani kuna mawe.

Kwa hiyo namba 9. Yana mpira mweusi chini, wa kushoto umelika upande mmoja. Kwenye shikio la kulia kuna kitambaa cha kanga kimezungushwa, bluu. Huwezi kuyakosea. Vigari vikae kama mnavihitaji. Tanga lililochanika likae. Kibali kikae, kimeshazoea kukaa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye lile benchi. Uamuru tu mtu aende nyuma kwenye matairi, ayachukue, anipe. Sitauliza kitu kingine, na picha yako sitaipeleka popote.

Nipe magongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kuchomelea,
Unga Limited, Arusha