Kwa kaka wa baiskeli nyekundu, Hell's Gate

Kaka, jina sikukuuliza, na hilo linanikera mpaka leo.

Jumamosi ile tulikuwa tumepiga hema Hell's Gate, kule Naivasha. Mchana wa jua kali, karibu na ule mwamba mrefu wa Fischer's Tower, miguu yangu ikagoma na jicho la kushoto likaingia ukungu. Wapita njia walidhani nimelewa (nimeshazoea). Wewe uliuliza tu, "Dada, nikusaidie vipi?" Nikakueleza nina maltipo sklerosisi: kinga ya mwili imekula ganda linalofunika neva zangu, na mwili ukipata joto, hata nusu digrii tu, ujumbe wa ubongo haufiki miguuni.

Hukubisha, wala hukuanza kuniombea kwa sauti. Uliilowesha skafu yako maji baridi ukanifunga shingoni, ukanikalisha chini ya mgunga, kisha ukasimama upande wa jua kama mwavuli. Nusu saa hivi, jicho likafunguka. Ukanipandisha baiskeli na kuikokota mpaka hemani, mimi nimeshika bega lako.

Skafu yako ninayo, nimeifua na kuipiga pasi. Ukisoma haya niandikie, nitakuletea popote ulipo. Asante sana, kaka.