Hiyo pamba kwenye sakulenti yako sio fangasi

Jamani kila wiki hapa kitaluni napokea picha ileile WhatsApp, sakulenti (ile mimea ya majani manene yanayotunza maji) ina vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, halafu mtu anauliza fangasi hii inatibiwaje. Sio fangasi. Hao ni vidung'ata, wadudu kabisa, wana miguu na wanatembea ila polepole mno ndo maana huwaoni, ukoo mmoja na wale wanaosumbua mihogo na mipapai. Jike mmoja anataga mayai mamia humohumo kwenye pamba, kwa hiyo ukifuta na kitambaa ukaridhika, wiki mbili hazipiti wamerudi.

Ila msichanganye, echeveria, aina mojawapo ya sakulenti, ina unga wake wa asili umetandaa jani zima sawasawa, huo ni kinga yake ya jua, usiusugue. Wa wadudu unakaa madonge madonge kwenye kona na jani linanata. Ukiona na sisimizi wanapanda wanashuka ujue ndo wenyewe, wanafuata ule utamu wanaoutoa vidung'ata na wanawalinda kama mifugo yao, so usipomaliza sisimizi unapoteza muda.

Dawa ya kuanzia ni spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70. Tenga mmea, chovya pamba za masikio, gusa mdudu mmoja mmoja, fanya jioni na jaribu jani moja kwanza usubiri siku. Rudia kila wiki mara nne hivi maana mayai hayafi yote. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, inaunguza majani.

Wanaoniumiza kichwa ni wa kwenye mizizi. Juu huoni kitu, mmea umenyong'onyea tu, unadhani kiu, unamwagilia, hauamki, unaongeza maji, mwisho unaoza. Mimi mwenyewe niliua trei nzima ya haworthia, sakulenti nyingine, hivyohivyo na najiita mtaalamu! Siku hizi mmea ukigoma nauchomoa kwanza. Ukikuta unga mweupe kwenye mizizi na kuta za chungu, toa udongo wote ukautupe, osha mizizi, kata iliyooza, acha ukauke kivulini siku tatu nne ndo upande kwenye udongo mpya, na chungu ukioshe na maji ya moto.

Kama mmea umeliwa sana usiung'ang'anie, chukua majani masafi au kichwa, yaani ile sehemu ya juu ya mmea, uoteshe upya.

Ukishindwa utuletee, kuukagua hatuchaji, tukiupanda upya unalipia udongo tu. Ila tafadhali ufunge kwenye mfuko ukiwa bado hukohuko nje ya geti, juzi kuna dada kaweka wake juu ya meza ya miche ya kuuza na mpaka leo tunagusagusa na spiriti.