Kikao cha Jumamosi kuhusu ramani ya Mukuru

Ndugu wanakikundi,

Tangu Kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru, mtaa wetu wa mabanda, kuwa eneo maalumu la mipango miji mwaka 2017, yaani eneo linalochorewa mpango wake wa makazi na barabara, maoni yetu yamekuwa yakianzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi. Jumamosi saa nne asubuhi tutaitandaza ramani mezani, na ninaomba kila mmoja, mpangaji na mwenye nyumba, aonyeshe kwa kidole mlango wake, bomba la maji na mahali mtaro unapofurika, kwa maana mstari wa barabara ukisogezwa mita mbili tu kwenye karatasi, chumba cha mtu huondoka. Kina mama mboga, tafadhali msikose: vibanda vyenu visipochorwa sasa, havitahesabiwa. Maoni yataandikwa na kutiwa sahihi papo hapo.