Barua ya malalamiko: siku saba za masomo zilizogeuka siku moja

Dar es Salaam
Machi 4, 2024

Meneja wa Kampuni,
Ofisi ya Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA MAJARIBIO YA BINTI YANGU KATIKA CHUO KIMOJA MJINI OXFORD, UINGEREZA, FEBRUARI 7 HADI 17, 2024

Tafadhali rejea mkataba tuliosaini ofisini kwenu Novemba 28, 2023, pamoja na stakabadhi nne za malipo ambazo nakala zake nimeziambatisha. Kwa mkataba huo mlijifunga kumpatia binti yangu, mwenye umri wa miaka 17, siku saba za masomo katika chuo binafsi cha A-Level (ngazi inayolingana na kidato cha tano na cha sita hapa kwetu) mjini Oxford, akiketi darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ili yeye na sisi wazazi wake tuamue kama aanze masomo hapo mwezi Septemba. Aliingia darasani siku moja. Siku tano kati ya hizo saba chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo ambayo kila shule ya Uingereza huwa nayo, na ambayo kampuni inayojitangaza kuwa na uzoefu wa kupeleka wanafunzi nchini humo haiwezi kusema haikuijua.

Naomba nieleze kwanza kwa nini siku hizo zilikuwa na uzito kwetu, kwa sababu katika mazungumzo ya simu ofisa wenu amekuwa akizitaja kana kwamba zilikuwa nyongeza ya matembezi. Binti yangu alimaliza kidato cha nne Novemba mwaka jana. Hapa nyumbani angepangiwa tahasusi, na kwa alama zake huenda ikawa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akaanza kidato cha tano mwezi Julai. Kule anatakiwa achague mwenyewe masomo, kwa kawaida matatu, na ayasome kwa miaka miwili kwa ada ambayo familia yetu itailipa kwa kuuza kiwanja. Nilipokuja ofisini kwenu sikuja kutafuta safari. Nilikuja na swali moja: je, mtoto huyu ataweza kufuata kemia na hesabu zinazofundishwa kwa kasi ile, na kwa Kiingereza cha walimu wale? Ni ninyi mliosema kwamba swali hilo halijibiwi kwa vipeperushi bali kwa kukaa darasani, mkanipa ratiba yenye vipindi vilivyoandikwa saa kwa saa, kuanzia Alhamisi Februari 8 hadi Ijumaa Februari 16.

Binti yangu alifika Jumatano jioni. Gari la kumpokea uwanja wa ndege wa Heathrow lilikuwepo kwa wakati na dereva alikuwa mwenye adabu. Hilo nalikiri, na ndiyo maana silidai. Alhamisi alijaza fomu, akafanya mtihani wa Kiingereza, akatembezwa maabara na maktaba. Ijumaa ndipo alipoingia darasani. Siku hiyohiyo, tangu saa sita mchana, aliona mabegi ya magurudumu yamepangwa ukutani pale mapokezi, akadhani kuna kundi linaloenda ziara. Kipindi cha mwisho kilipokwisha, msichana aliyekuwa ameketi naye alimuaga na kumtakia likizo njema. Binti yangu aliniambia alihisi amesikia vibaya, akamuuliza tena, kisha akaenda kwa katibu wa chuo, ambaye alimwonyesha kalenda ya muhula iliyobandikwa ubaoni nyuma yake: Februari 12 hadi 16, likizo ya katikati ya muhula.

Likizo hiyo si dharura wala mgomo. Shule na vyuo vya Uingereza hugawa kila muhula vipande viwili kwa mapumziko ambayo mara nyingi ni ya wiki moja, na ya Februari huangukia katikati ya mwezi huo. Tarehe zake hutangazwa mapema sana, mara nyingi mwaka mzima kabla. Chuo mlichotuchagulia kimeziweka kwenye tovuti yake, na mimi, ambaye ni mhasibu na sijawahi kufika Uingereza, nilizipata kwa dakika tatu usiku ule wa Ijumaa nikiwa nimeketi kitandani na simu mkononi. Ratiba yenu ya tarehe hizohizo inaonyesha kipindi cha baiolojia Jumatatu saa tatu asubuhi na mazoezi ya maabara Jumatano mchana. Ningependa kujua ni nani aliyeiandaa ratiba hiyo, na kwa kuuliza chuoni au kwa kubuni.

Niliipigia namba yenu ya dharura usiku huo saa nne kwa saa za hapa, yaani saa moja jioni kule. Haikupokewa. Nilipiga Jumamosi mara tano na Jumapili mara tatu. Kumbukumbu za simu nimeziambatisha. Mkataba wenu unasema namba hiyo hupokewa saa 24, na kwa mzazi aliyempeleka mtoto wa chini ya miaka 18 ng'ambo peke yake, kifungu hicho ndicho kilichonifanya nisaini. Jumatatu ofisa wenu alipopokea, aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwamba binti atumie wiki hiyo kuizoea nchi. Nilimuuliza kama chuo kinaweza kumhamishia siku zake wiki inayofuata. Alisema tiketi ya kurudi ni ya tarehe 17 na kuibadilisha ni juu yangu.

Basi akaizoea nchi. Familia mwenyeji ilikuwa na mama mmoja mwema ambaye sina lolote baya la kumsema, lakini aliandaliwa na ninyi kwa taarifa pungufu: aliambiwa atoe kitanda, kifungua kinywa na chakula cha jioni, kwa kuwa mchana mgeni angekula katika bwalo la chuo. Bwalo lilikuwa limefungwa kama madarasa. Kwa siku tano binti yangu alinunua chakula cha mchana kwa pesa alizopewa za kununulia koti na vitabu, na kwa kuwa hatuli nyama isiyo halali, mara nyingi alikula mkate wa jibini juu ya benchi, katika baridi ambayo hakuwa na nguo za kuikalia nje kutwa nzima. Mama mwenyeji hutoka kwenda kazini saa mbili asubuhi na hurudi saa kumi na moja, wakati ambapo mwezi huo giza linakaribia kuingia. Mtoto alikwenda makumbusho ya Ashmolean, akaenda ya Pitt Rivers na jumba la viumbe lililoungana nayo, kwa sababu huko hakuna kiingilio na kuna joto. Alinitumia picha ya mabaki ya kichwa cha dodo, yule ndege wa Mauritius aliyetoweka. Mimi na baba yake tulicheka kidogo, kwani kwa shilingi milioni 6.8 tulikuwa tumemsafirisha hadi Uingereza kwenda kumwona ndege wa Bahari ya Hindi.

Kinachoniuma zaidi, Ndugu Meneja, ni ile Ijumaa yenyewe. Katika kipindi cha kemia walikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na kila mmoja alipewa vifaa vyake apime ukali wa asidi kwa kudondosha besi tone kwa tone hadi rangi igeuke. Shuleni kwake hapa walikuwa zaidi ya sitini darasani, na zoezi hilo alilifanya kwa vitendo mara chache akiwa na wenzake wanne kwenye meza moja. Jaribio la kwanza alipitiliza. La pili alipitiliza kidogo. La tatu lilikubali, na mwalimu akamwambia Jumatatu waendelee na hesabu zake. Aliandika hesabu za mwanzo kwenye daftari, akaacha ukurasa mzima wazi kwa ajili ya Jumatatu. Ukurasa huo ninao. Kwa hiyo swali nililokuja nalo ofisini kwenu halijajibiwa: najua anapenda maabara ile, sijui kama ataimudu, na siku moja haiwezi kunipa sababu ya kuuza kiwanja wala ya kuacha kukiuza.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelijua kama asingekuwa na muda mwingi wa kutembea. Kipeperushi chenu kina picha ya jengo la duara lenye kuba, na chini yake maneno "Soma Oxford". Jengo hilo ni Radcliffe Camera, sehemu ya maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford. Chuo mlichompeleka binti yangu hakina uhusiano wowote na chuo kikuu hicho, isipokuwa kwamba viko katika mji mmoja, na wanafunzi wake hawaingii humo kusoma. Sisemi chuo hicho ni kibaya. Kwa ile Ijumaa moja kilionekana kizuri. Nasema picha ile imewekwa ili mzazi wa Dar es Salaam achanganye mambo mawili, na mimi nilichanganya, na ofisa wenu aliyeniona nikichanganya hakunisahihisha.

Kuhusu viza, mlinitoza shilingi 640,000 mkiziita "ada ya ubalozi". Ada ya serikali ya Uingereza kwa viza ya mgeni ya hadi miezi sita, tulipoomba Desemba 2023, ilikuwa pauni 115, ambazo kwa kiwango cha siku hiyo ni kama shilingi 370,000. Kama tofauti ni malipo ya huduma yenu, sina ugomvi na mtu kulipwa kwa kazi yake, lakini iandikwe hivyo na itolewe stakabadhi yake, isifichwe chini ya jina la ubalozi.

Zito zaidi ni ushauri mliompa binti yangu bila mimi kuwepo, kwamba akipendezwa na chuo anaweza kubaki na "kubadilisha viza hukohuko". Aliyeingia Uingereza kwa viza ya mgeni haruhusiwi kuigeuza kuwa ya mwanafunzi akiwa ndani ya nchi. Anatakiwa atoke na aombe akiwa nje. Mtoto angewasikiliza ninyi, angevunja masharti ya kukaa kwake na kuchafua rekodi yake ya uhamiaji kabla hajatimiza miaka 18. Waraka wenu wa makadirio ya gharama nao, mliotutumia Februari 20, bado unaonyesha tozo ya huduma ya afya kwa wanafunzi kuwa pauni 470 kwa mwaka, ilhali tangu Februari 6 mwaka huu ni pauni 776. Kwa miaka miwili tofauti hiyo ni zaidi ya pauni 600, na ni mimi ambaye ningekuja kushangazwa nayo wakati wa kuomba viza.

Katika barua pepe yenu ya Februari 26 mmesema mnasikitika kwa "usumbufu wa kalenda", na mkanipa punguzo la asilimia 10 kwenye ada yenu ya udahili endapo tutaendelea na chuo hicho kupitia kwenu. Naomba niseme wazi kwamba punguzo kwenye huduma ambayo sijaamua kuinunua si fidia ya huduma niliyokwisha kuilipia nisiipate.

Ninachodai nimekikokotoa kwa kufuata mchanganuo wenu wenyewe. Masomo ya siku saba mliyatoza shilingi 2,800,000, yaani 400,000 kwa siku. Alhamisi naihesabu kuwa mliitimiza, ingawa hakuingia darasani, kwa kuwa chuo kilikuwa na haki ya kumpima kwanza. Zinabaki siku tano, ambazo ni shilingi 2,000,000. Chakula cha mchana cha siku hizo tano, kwa shilingi 50,000 kila siku, ni 250,000. Tofauti ya viza isiyo na stakabadhi ni 270,000. Jumla ni shilingi 2,520,000. Malazi ya usiku kumi na gari la uwanja wa ndege sivigusi, kwa sababu vilitolewa, wala sijaongeza tiketi ya ndege niliyoinunua mwenyewe, ingawa mtu mkali kuliko mimi angeiongeza.

Pamoja na fedha hizo, naomba mnipatie taarifa ya maandishi ya walimu waliomfundisha Ijumaa na matokeo ya mtihani wake wa Kiingereza, vitu ambavyo mkataba unasema vingetufikia ndani ya siku saba baada ya kurejea kwake. Leo ni siku ya kumi na sita. Hivi navihitaji hata kabla ya fedha, kwa sababu uchaguzi wa kidato cha tano hautatusubiri, na karatasi hizo mbili ndizo kitu pekee kutoka safari hii kinachoweza kutusaidia kuamua.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipopata malipo na nyaraka hizo ifikapo wakati huo, nitawasilisha malalamiko yangu Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hushughulikia matangazo na mienendo inayompotosha mlaji, na nitaambatisha kipeperushi chenu chenye picha ya kuba pamoja na ratiba ya vipindi vya wiki ambayo chuo kilikuwa kimefungwa. Majibu naomba yawe ya maandishi, si kwa simu. Hadi hapo, fomu ya udahili mliyoiacha kwa binti yangu itabaki bila kujazwa.

Wako mwaminifu,

Mama wa mwanafunzi

Viambatisho: nakala ya mkataba, stakabadhi nne, ratiba ya vipindi, picha ya kalenda ya chuo, kumbukumbu za simu za Februari 9 hadi 12, kipeperushi, waraka wa makadirio ya gharama, barua pepe ya Februari 26.