Mwalimu wa ushauri asiishie kwenye barua ya udahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kazi ambayo shule nyingi za sekondari huisifu siku ya mahafali na kuisahau siku nyingine zote, yaani kazi ya mwalimu wa ushauri nasaha ya kumwongoza mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo kikuu. Nimeifanya kwa miaka kadhaa, mingi kati ya hiyo nikiwa pia na vipindi kamili vya darasani, na nimefikia kuamini kwamba tunaipima kwa kipimo kisicho chake. Tunahesabu waliopata barua ya udahili, ilhali tulipaswa kuhesabu walioripoti chuoni.

Binti mmoja niliyemfundisha, mwenye alama nzuri za hisabati, alichaguliwa katika kozi aliyoitaka. Nilimpongeza, nikaweka alama ya vema mbele ya jina lake katika daftari langu, nikaendelea na wengine. Nilikuja kukutana naye karibu na vyuo kufunguliwa, akiwa bado hajathibitisha nafasi yake. Namba ya siri ya kuthibitishia ilikuwa imetumwa kwenye simu ya mtu aliyemsaidia kujaza maombi; barua pepe iliyotumika ilikuwa ya mtu huyohuyo, na nywila aliijua yeye peke yake. Binti alidhani ukimya ule ulimaanisha kwamba chuo kimempa nafasi mtu mwingine, na hakuja kuniuliza kwa sababu alijiona ameshamaliza shule na hana tena haki ya kugonga mlango wangu. Dirisha la uthibitisho lilikuwa limefungwa siku 9 kabla. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Sikumlaumu aliyemjazia fomu, maana huenda alitenda kwa wema. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kuuliza namba ile ya simu ni ya nani.

Tangu hapo sijazi fomu ya mwanafunzi yeyote. Ninakaa pembeni yake, yeye anafungua barua pepe yake mwenyewe, anachagua nywila yake, kisha tunaweka mezani cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Mtu asiyefanya kazi hii ataona ni jambo dogo. Lakini jina lenye herufi iliyorudiwa mara mbili kwenye hati moja na mara moja kwenye hati nyingine huweza kuzuia maombi yote, au kuyapitisha na kuja kukwamisha mkopo baadaye, na masahihisho yake hupita ofisi zaidi ya moja. Ndiyo maana ninasisitiza ukaguzi huu ufanyike mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kuhangaika.

Yaliyompata binti yule si ya peke yake. Nchini Marekani, watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walichunguza wahitimu wa sekondari waliokuwa wamekubaliwa na vyuo na kukusudia kwenda, wakakuta kwamba kati ya asilimia 10 na 20 hawakuonekana chuoni masomo yalipoanza, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wanaotoka familia za kipato kidogo. Wanafunzi hao walikwama katika miezi ile ambayo shule imewaaga na chuo hakijawapokea, mbele ya fomu za malazi, makaratasi ya ada na tarehe ambazo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukutana nazo. Ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha kila hatua, ukiambatana na mshauri wa kuzungumza naye, uliongeza idadi ya walioripoti katika baadhi ya miji. Kampeni kubwa iliyofuata baadaye, ambayo taasisi zilizo mbali na wanafunzi ziliwakumbusha zaidi ya 800,000 kati yao kuomba msaada wa ada, haikuongeza walioingia chuoni. Mimi ninaisoma tofauti hiyo hivi: kikumbusho hufanya kazi kinapotoka kwa mtu ambaye mwanafunzi anamfahamu na anaweza kumjibu.

Kuhusu uchaguzi wa vyuo na kozi, kosa tunalolizungumza sana ni la mwanafunzi kujipima juu kuliko alama zake. Kosa la pili hatulisemi. Wanauchumi Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha kwamba wengi wa wanafunzi wa Marekani wenye ufaulu wa juu kabisa lakini kipato kidogo hawaombi hata chuo kimoja chenye ushindani mkubwa, ingawa wachache wao wanaoomba na kuingia huendelea vizuri kama wenzao, na mara nyingi msaada wa ada hufanya vyuo hivyo viwe nafuu kwao kuliko vile walivyovizoea. Hapo mshauri ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia kijana, akiwa na orodha ya sifa za kujiunga mkononi, kwamba anajipunja. Katika mfumo kama wa Uingereza, ambao humruhusu mwombaji kozi zisizozidi 5, na zisizozidi 4 kwa udaktari, kila nafasi iliyojazwa bila kufikiri ni hasara. Ninawashauri wanafunzi waweke moja au mbili za kuthubutu, kadhaa zinazolingana na alama zao, na walau moja ambayo hawatailia wakipangiwa. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu wengi hujaza chaguo la mwisho kwa jina lolote lililo karibu na mshale wa kompyuta, kisha ndilo wanalolipata.

Niongeze, japo kwa kifupi, kwamba mashauriano haya huchelewa sana yakisubiri mwaka wa mwisho. Aliyeacha fizikia hawezi kurudishwa kwenye uhandisi kwa ushauri mzuri.

Barua za mapendekezo nazo zinahitaji kuangaliwa upya. Nimesoma nyingi, na nimeandika baadhi, zinazosema kwamba mwanafunzi ni mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano, maneno yanayomfaa kila mtu na kwa hiyo hayamsaidii yeyote. Msomaji wa upande wa pili angefaidika zaidi akiambiwa kwamba kijana huyu alirudi maabara siku tatu mfululizo kutafuta kwa nini jibu la jaribio lake la kemia halikulingana na la wenzake, na kwamba alipogundua kosa lilikuwa lake alisimama akalieleza darasani. Kuandika hivyo kunataka mwalimu awe amemwona mwanafunzi kwa karibu, na kumwona kunataka muda.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na hata huko, ambako ushauri ni taaluma yenye mafunzo yake, wastani wa nchi nzima bado uko juu ya 350. Mahali ambapo mshauri ni mwalimu aliyepewa cheo bila kupunguziwa kipindi hata kimoja, kinachotarajiwa kwake ni muujiza. Anamwona mwanafunzi kwenye korido, kengele ikiwa imeshalia, na swali linalohitaji nusu saa anajibiwa kwa sentensi mbili.

Ninawaomba wakuu wa shule wafanye mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi katika muhula ambao madirisha ya udahili na ya mikopo yako wazi. Wazazi waitwe mapema, nao waelezwe gharama kwa tarakimu, kwa kuwa kijana anayefichwa uwezo wa nyumbani huchagua chuo kwa ndoto na kukiacha kwa aibu. Aliyekosa nafasi atafutwe siku hiyohiyo, kabla hajajifungia chumbani, aelezwe kama kuna awamu nyingine, njia ya kukata rufaa au kozi ya kuanzia ngazi ya chini. Na wajibu wa shule kwa mwanafunzi uhesabiwe kuwa umekwisha atakapokuwa amesajiliwa chuoni, hata kama ameshavua sare.

Daftari langu la mwaka huu nimelipiga mistari ya safu mbili, moja ya waliopata udahili na nyingine ya walioripoti. Safu ya pili bado ina majina 11 yasiyo na alama, na tangu Jumatatu nimekuwa nikiwapigia simu mmoja baada ya mwingine.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa ushauri nasaha, shule ya sekondari